Twalipia Rangi, Kiungo Twakisahau

Asimamaye asubuhi kando ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, pale foleni inapokaza na magari yakatambaa hatua kwa hatua, ataona katika muda mfupi namna zote tunazotumia kutengeneza mabampa yaliyopasuka: moja limeshonwa kwa waya wa kufungia nondo, la pili limebanwa kwa mikanda ya plastiki ya mafundi wa umeme, la tatu limepakwa gundi iliyotiririka ikakauka kabla haijafutwa, na la nne linang'aa kwa rangi mpya, ilhali chini ya rangi hiyo mstari mwembamba umekwisha kuanza kujichora upya palepale ulipokuwa. Watu huwacheka wenye hayo matatu ya mwanzo na kumsifu mwenye la nne. Rai yangu ni kinyume chake. Wale watatu wamejua wanachokinunua, wakakilipia kwa kadiri yake. Huyu wa nne ndiye aliyetoa fedha nyingi kuliko wote, na kitu alichokilipia, yaani bampa zima, hakukipata.

Tuwape kwanza haki yao wenye waya, maana wamedhihakiwa kupita kiasi. Kushona si fedheha katika pwani hii. Mtepe, chombo cha mafundi wa Lamu na Wabajuni, uliunganishwa ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi ya nazi, na Myunani aliyeandika habari za bahari yetu katika karne ya kwanza alizitaja mashua za kushonwa za bandari ya Rhapta. Ubao ulioshonwa ulinyumbuka ulipopigwa na wimbi, na bampa nalo limeumbwa linyumbuke. Waya uliopitishwa katika matundu yaliyotobolewa kwa uangalifu, mbali kidogo na kingo za ufa, huziacha pande mbili zitikisike pamoja bila kuvunjana. Dosari ya waya ni kwamba hula plastiki polepole kwa mitetemo, maji na vumbi hupenya, na ufa usiozuiwa mwishoni mwake huendelea kutambaa kila gari lipandapo tuta. Walakini hauna uongo: kila apitaye auona, na mwenyewe ajua kwamba bado ana kazi ya kufanya.

Ili tufahamu kwa nini kazi ya rangi hushindwa, yatubidi turudi nyuma kidogo. Wazee waliomiliki magari siku za Peugeot 404, gari lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963 na tena mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, walikuwa na bampa la chuma lililopakwa kromu. Lilipogongwa, mnyoosha bati alilifungua, akaliweka juu ya gogo, akalirudisha katika umbo lake kwa nyundo na subira, na lau chuma kingechanika angekilehemu kwa gesi. Maarifa hayo yalikuwa na silsila: fundi aliyapokea kwa fundi, naye akamrithisha mwanagenzi aliyemshikia taa na kumchotea maji. Mwaka 1972 Wafaransa walitoa Renault 5, miongoni mwa magari ya mwanzo ya watu wa kawaida kuvishwa bampa la plastiki, na katika miaka iliyofuata takriban watengenezaji wote wakaandama njia hiyo, kwa kuwa plastiki ni nyepesi, haishiki kutu, humiminwa katika umbo lolote alitakalo mchoraji, na haimwumizi sana mtu aendaye kwa miguu. Chuma kikaondoka na plastiki ikaingia. Lakini plastiki haikuja na mwalimu. Ilitufikia bandarini ikiwa imekwisha kufungwa katika magari yaliyotumika, na mafundi wetu wakaipokea kwa zana za bati: nyundo, puti, msasa na bunduki ya rangi.

Plastiki yenyewe si kitu kigeni kwetu. Mabampa mengi ya magari ya Kijapani yaliyojaa katika barabara zetu, Vitz, IST, Passo, Noah, Probox na jamaa zao, asili yake ni polipropilini, aliyoipata Giulio Natta katika maabara yake mjini Milano mwaka 1954 kwa kufuata njia iliyofunguliwa na Mjerumani Karl Ziegler, na wawili hao wakatunukiwa pamoja Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1963. Ndiyo iliyomo katika viti vya plastiki vya harusini na katika mabeseni mengi ya nyumbani. Kwa ajili ya bampa huchanganywa na mpira wa namna fulani ili isivunjike kama kigae inapogongwa, na unga wa talki ili isilegee juani. Basi tabia yake kubwa, ambayo kila ashikaye bampa imempasa kuijua, ni hii: haishikani na kitu. Uso wake una hali ya mafuta hata ukiwa safi. Maji yakimwagwa juu yake hujikusanya yakawa matone badala ya kutandaa, na gundi hufanya vivyo hivyo, hukaa juu bila ya kuingia, ikakauka, kisha ikabanduka utando mzima siku ya kwanza ya joto kali. Ndiyo maana yule wa tatu katika foleni ana gundi nyingi na ufa uleule.

Tabia ya pili ni ya rehema. Polipropilini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 160 hivi za Selsiasi, na ikipoa hurudi kuwa ngumu kama awali. Kitu kinachoyeyuka na kuganda tena chaweza kulehemiwa, pande zake mbili zikawa mwili mmoja, na kazi hiyo haihitaji kiwanda.

Lakini mtu hawezi kulehemu asichokijua, na hapa ndipo ninapostaajabu kuona jambo jepesi hivi likiachwa. Lifungue bampa, uligeuze, ulipanguse matope kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na upande wa ndani, aghalabu karibu na ukingo wa chini au penye mbavu za kulikaza, utakuta herufi zilizochorwa katika plastiki yenyewe, zimefungwa kati ya vimishale viwili: PP, yaani polipropilini, au PP+EPDM, yaani pamoja na ule mpira, pengine ikifuatwa na T au TD na tarakimu mfano wa 10 au 20, ambayo ni kadiri ya talki kwa mia. Katika Toyota nyingi utakuta TSOP, jina la nyumbani ambalo kampuni hiyo iliipa plastiki yake ya jamii hii katika miaka ya tisini. Ukikuta ABS, hiyo ni jamii nyingine; ukikuta PUR, ni nyingine kabisa. Alama hizo hazikuwekwa kwa pambo. Ziliwekwa ili atakayekuja baadaye, awe mtengenezaji au mwenye kuyeyusha taka, ajue ameshika nini. Ni barua iliyoandikwa kwa fundi na kutiwa mgongoni mwa bampa, na kwa miaka mingi imefika katika gereji za Gerezani, na Ilala, na Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, ikapakwa puti kabla haijasomwa.

Herufi zikiwa zimefutika, ziko njia nyingine. Kata ubapa mdogo wa plastiki safi, isiyo na rangi, mahali pasipoonekana, uutie katika ndoo ya maji: polipropilini huelea, ABS huzama. Lakini tahadhari, kwa kuwa ile iliyojazwa talki nyingi huzama nayo, kwa hiyo kuelea ni ushahidi ila kuzama si hukumu. Njia ya pili ni msasa: ukiisugua plastiki ikatoa nyuzinyuzi na kujipaka kama nta badala ya kutoa vumbi, hiyo ni jamii ya polipropilini. Njia ya tatu, nayo ndiyo niipendayo kuliko zote, ni kuyeyusha tone la plastiki unayokusudia kujazia juu ya sehemu ya bampa iliyofichika, uliache lipoe kabisa, kisha ulivute kwa koleo. Likibanduka lote safi, hazikupatana. Likikataa, au likang'oka na nyama ya bampa, umepata ndugu yake. Kuchoma kwa kiberiti ili kunusa moshi mimi nisingekushauri, kwa kuwa ABS hutoa moshi mweusi wenye masizi, na poliyurethani, ambayo ndiyo hiyo PUR, ikichomwa hutoa sumu iletayo madhara ya mapafu yasiyoondoka upesi. PUR haiyeyuki hata kidogo. Hutoa mapovu ikaungua. Hiyo ndiyo inayotaka gundi ya epoksi ya sehemu mbili, si moto.

Ama kazi yenyewe, mwenye kuitazama kwa karibu hataiona ni muujiza. Huoshwa bampa lote kwanza kwa sabuni, kisha kwa kimiminika cha kuondoa mafuta, na hayo yote kabla ya msasa, kwani msasa juu ya uso mchafu huyasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Kisha unatafutwa mwisho wa ufa, usioonekana kwa jicho mpaka bampa likunjwe kidogo, na hapo hutobolewa tundu la milimita mbili au tatu. Tundu la mviringo hutawanya nguvu iliyokuwa imekusanyika katika ncha ya ufa, na ufa ukifika hapo husimama. Tundu hilo halina gharama, huchukua nukta chache, na kutotobolewa kwake ndiko kunakorudisha magari mengi gereji kuliko sababu nyingine yoyote niijuayo. Baadaye pande mbili za ufa hupatanishwa kwa mbele, zikabanwa kwa utepe wa gundi ili umbo lisipotee, na kazi ya moto huanza nyuma, kusikoonekana, kwa kuwa huko ndiko nguvu inakotakiwa.

Chombo chake ni pasi ya kulehemia iliyo bapa kidogo, ileile ya mafundi wa redio ila yenye nguvu zaidi. Ufa huchongwa kwa nyuma uwe mfereji, kina chake kifike kama nusu ya unene wa bampa, ambao aghalabu ni milimita tatu hivi. Kipande cha wavu wa chuma kisichoshika kutu, na nimeona fundi akitumia wavu wa chujio kuukuu la chai bila taksiri yoyote, hulazwa juu ya mfereji na kudidimizwa kwa pasi mpaka plastiki ipande katika matundu yake na kuufunika. Hapo huja plastiki ya kujazia. Wauzaji wana vijiti vyake, na ni vizuri. Walakini nyuma ya kila gereji pana bampa bovu la gari la aina ileile, na ukilikata mishipi ya upana wa nusu kidole umepata kijiti cha asili moja na kile unachokitengeneza, bure. Fundi huupeleka mshipi mbele ya pasi, polepole, akitazama plastiki ing'ae na kulowa. Ikianza kugeuka kahawia na kutoa moshi, amezidisha moto na nguvu imeondoka. Ikibaki na michirizi mikavu, moto haukutosha na pande hazikuungana. Nyuma ikishapoa, hugeuzwa mbele, ikachongwa mfereji mwingine usio wa kina sana, ukajazwa vivyo hivyo, kisha ukasawazishwa kwa msasa wa pole, kwani mashine ya kasi huiyeyusha plastiki ikajikunja.

Siku hizi kuna pia mashine ya pini za moto kutoka China, ambayo hutia pini za chuma zilizopinda ndani ya plastiki kama ushonaji wa daktari. Ni msaada mzuri wa kushikilia pande zilizoachana, hususan penye kona. Tatizo ni kwamba wengi huifanya mwisho wa kazi wakati yenyewe ni mwanzo wake: pini hushika, hazijazi, na ufa uliopigwa pini bila ya kujazwa ni ufa bado.

Hesabu gharama ya niliyoyataja. Pasi, chujio, mishipi ya bampa bovu, sabuni, msasa. Kitu pekee cha dukani kisichoepukika ni kopo la kile kimiminika cha kushikisha rangi juu ya plastiki, ambacho mafundi hukiita primer ya plastiki, hupulizwa utando mwembamba kabla ya puti na kabla ya rangi; bila ya hicho rangi hung'oka vipande vipande, hata iwe ya bei gani. Kilicho ghali katika kazi hii si vifaa, ni saa za fundi. Na saa za fundi ndizo tusizotaka kuzilipia.

Sikiliza mazungumzo ya gereji yoyote. "Fundi, gari nalitaka jioni, na ufa usionekane." "Sawa bosi, jioni utaondoka nalo." Mkataba umefungwa. Hapana aliyeuliza plastiki ni ya namna gani, wala aliyetaja nyuma ya bampa. Kilichoagizwa ni kutoonekana kwa ufa, na kilichouzwa ni kutoonekana kwake kwa muda. Fundi naye si mjinga. Wengi wao wayajua niliyoyaeleza kuliko mimi niyajuavyo, tena kwa vidole vyao, na ukiwauliza faraghani watakuambia kwamba kazi ya kulehemu ni kazi ya siku nzima ambayo mteja haioni, ilhali kazi ya puti ni ya saa mbili na mteja huipiga picha. Basi hutwaa puti ya bati, iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma kisichonyumbuka, wakaijaza ndani ya ufa wa kitu kinachonyumbuka kila siku. Plastiki hupanuka juani kuliko chuma, na jua la Dar es Salaam halina mzaha. Mchana bampa hutanuka, usiku hujikunyata, kila tuta hulikunja kidogo, na puti ile ngumu, isiyoweza kufuata mwendo huo, huachia ukingo wake. Rangi hufuata. Mwenye gari hurudi akiwa na hasira, akamwita fundi mwizi. Kwa insafu, wizi uliopo ni ule alioutaka mwenyewe, kwa kuwa alitaja saa na sura, kiungo hakukitaja.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Mtu anayeishi kwa gari lake, dereva wa teksi anayesubiri mteja wa simu, hawezi kuliacha gari gereji siku mbili, na sura ya gari kwake ni riziki. Huyo namshauri waya, au pini, kwa muda, na akiba ya rangi aiweke mpaka apate nafasi ya kazi kamili. Kupaka rangi juu ya ufa usiotengenezwa ni israfu, na israfu humwumiza zaidi mwenye kidogo.

Sehemu nyingine za plastiki zina sheria zao, nami nitazipitia kwa haraka. Sho ya mbele, maganda ya vioo vya pembeni na mapambo mengi ni ABS, na ABS ina fadhila ambayo polipropilini haina: huyeyuka katika asetoni, ile ile inayouzwa saluni kwa kuondolea rangi ya kucha, ilimradi iwe asetoni halisi. Chembe za ABS zikiachwa usiku kucha katika kikopo cha asetoni huwa uji mzito, na uji huo ukipakwa katika ufa huungana na plastiki yenyewe, kisha asetoni ikaruka na kuacha kitu kigumu. Kazi hiyo ifanyike penye hewa na mbali na moto wowote. Masikio ya taa yaliyovunjika, ambayo huwafanya watu wanunue taa nzima, hupona vizuri, yasipokuwa ya polipropilini, kwa gundi ya supa gluu ikinyunyiziwa magadi ya jikoni, kwani viwili hivyo vikikutana huganda papo hapo vikawa kama jiwe. Lakini jiwe hilo halinyumbuki, kwa hiyo lifae taa na lisipelekwe kwenye bampa. Plastiki za ndani ya madigadi hazina haja ya uzuri: zishone, zitoboe mwisho wa ufa, na usonge mbele.

Ipo mipaka, na asiyeitaja hamwambii msomaji kweli. Bampa tulionalo ni ganda tu. Nyuma yake pana boriti ya chuma, au ya aluminiamu, na mara nyingi povu gumu kati yao, na hivyo ndivyo vinavyopokea kishindo. Ganda laweza kulehemiwa kwa amani. Boriti iliyokunjika na povu lililopondeka hubadilishwa, na fundi anayerudisha ganda zuri juu ya boriti iliyokunjika amefanya hila ya hatari. Halikadhalika magari mapya yenye rada nyuma ya bampa: puti nene na tabaka za rangi huweza kuipumbaza rada, na hapo maelekezo ya mtengenezaji yafuatwe. Tena lipo bampa lililokwisha maisha. Miale ya jua hukatakata minyororo ya polipropilini mwaka baada ya mwaka, na plastiki iliyopauka, yenye unga mweupe kidoleni na vipasuko vidogo kila mahali, ukiilehemu hapa itapasuka kando yake. Hilo liache.

Ukiliacha, wanunua lipi? Mabampa mapya yasiyo ya kampuni, mengi yakiwa ya Taiwan, huhitaji kupakwa rangi hata hivyo, na yapo yasiyokaa sawa na mistari ya gari mpaka yakatwe. Mimi hulipendelea bampa lililotumika, la rangi ileile, lililoshuka kutoka Japani au kupitia masoko ya vipuri ya Sharjah na Dubai, maana kwa Vitz au IST halikosekani. Lakini nalo ligeuzwe kabla ya fedha kutoka mkononi: wengi wameuziwa rangi nzuri yenye puti ya nchi nyingine chini yake.

Jambo moja zaidi, nalo si la fedha. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na sote tuliona mitaro ilivyopungukiwa na uchafu ule. Mfuko una uzito wa gramu chache. Bampa lina kilo kadhaa, na nyuma ya gereji nyingi huishia katika moto wa jioni, pamoja na matairi na vitambaa vya rangi, moshi wake ukiingia katika nyumba za jirani. Kila bampa linalolehemiwa sawasawa ni moshi uliopungua, na lile lisilofaa ni akiba ya mishipi ya kulehemia mengine. Sijaona kwa nini nchi iliyoweza kumkataza mama wa sokoni mfuko wa nyanya ishindwe kumwambia mwenye gereji asichome plastiki.

Kwa hiyo ninaomba matatu. Vyuo vya ufundi vya VETA, ambavyo mamlaka yake iliundwa kwa sheria mwaka 1994 ili kijana apate ufundi wa kweli, viipe plastiki saa nyingi kama viipavyo bati, kwa kuwa gari analokutana nalo kijana anayehitimu lina plastiki mbele, nyuma na ubavuni. Na mafundi wakuu wa Gerezani waalikwe kufundisha, kwani ustadi mwingi uko kwao tayari, haujaandikwa tu. Makampuni ya bima nayo, yanapomlipia mwenye bima kubwa, yaulize kiungo kilitengenezwaje kabla ya kukubali ankara ya rangi.

Nawe msomaji, bampa lako likipasuka, usianze kwa kuuliza bei ya rangi. Mwambie fundi alifungue mbele yako, mligeuze, mzisome zile herufi pamoja. Mpatane malipo ya kazi ya ndani peke yake, na urudi kuitazama kabla ya puti kuifunika: utafute tundu mwishoni mwa ufa, wavu uliozama, na plastiki iliyolowa bila kuungua. Ukiyaona hayo mlipe, umwongeze na kidogo juu, na rangi muizungumze kesho yake.